Kikapu cha Darajani

"Kikapu hakina mdomo," nilisema. "Kama Pimbi alikuwa na neno, angelisema."

"Kikapu kilikuwa kinasema," Riungu alijibu bila kuinua sauti. "Korongo ndiye hakusikiliza."

"Asikilize nduma?"

"Ndiyo, nduma. Zimeoshwa, zimepangwa kubwa chini ndogo juu, zimefunikwa jani la mgomba. Mtu haoshi nduma namna hiyo halafu azisahau darajani."

Mutegi, mwenyekiti wetu, aligonga kikombe kwa kijiko. Yeye ni mwalimu wa hesabu na anapenda watu wazungumze kwa zamu, lakini zamu zilitushinda siku hiyo tangu chai ilipoletwa. Tulikuwa watano katika chumba cha nyuma cha hoteli ya Gachoki, hapa Embu mjini. Katikati ya meza, juu ya gazeti lililotandikwa ili mafuta ya mandazi yasifike, kulikuwa na toleo la zamani la Pimbi wa Jabali.

Kwa asiyekijua, hicho ni kitabu cha katuni kinachotoka kila mwezi tangu nikiwa mtoto wa shule, na bado kinatoka. Pimbi ni kile kimnyama kisicho na mkia kinachopenda mawe. Wa kwetu anavaa koti la mvua hata jua likiwaka, na anaishi upande huu wa mto. Upande wa pili, kwenye majani marefu, anaishi Bi Korongo mwenye taji kichwani na miwani ya kusomea. Wanapendana. Wasomaji tunajua, Fisi mwenye duka anajua, Kobe mhubiri anajua. Wao wawili tu ndio hawajaambiana. Mchoraji ametuweka hapo miaka yote, na sisi watu wazima, wenye kazi na watoto, tunaendelea kununua.

Kila mwezi mmoja wetu huchagua toleo la zamani tulijadili upya. Mwezi huu ilikuwa zamu ya Riungu, naye akachagua toleo la daraja. Ni toleo lisilo na neno hata moja la Pimbi. Anachimba nduma, anaziosha, anazipanga kikapuni, anakiweka kikapu katikati ya daraja, anageuka anarudi. Korongo anapita, anatazama huku na huku, anasema, "Maskini, mtu amesahau mzigo wake." Anakipeleka dukani kwa Fisi kimngojee mwenyewe. Fisi anachemsha nduma zote na kuzila. Mwisho.

"Mimi toleo hilo lilipotoka nilisusa," alisema Mzee Nyaga, karani mstaafu ambaye ana matoleo yote tangu la kwanza, kila moja kwenye nailoni yake. "Nikasema sinunui tena. Mke wangu ndiye aliyeninunulia lililofuata, kwa sababu nyumba ilikuwa haikaliki."

"Unaona?" nilisema. "Mnyama mmoja hafungui mdomo, nyumba za watu zinaharibika."

Karambu alicheka. Yeye ni nesi, mdogo kwetu sote, msichana wa Laare, kule Meru kunakolimwa miraa, aliyeletwa Embu na kazi. "Mama Njura leo ameamka na Pimbi kooni."

"Si Pimbi," nilisema. "Ni woga. Woga siupendi kwa mnyama wala kwa mtu."

Riungu aliniangalia. Ana macho ya mtu aliyezoea kutazama mbali, kwa sababu kazi yake ni kupima mashamba. Anapokutazama wewe hafanyi haraka, kama vile anatafuta mpaka wako uko wapi. Zamani macho hayo yalinifanya nisahau bei za dawa dukani kwangu. Siku hiyo yalinifanya nitamani kulia, nami sipendi kulia mbele ya mandazi.

Niseme ukweli, hatukuwa tukigombania Pimbi.

Nilimjua Riungu alipokuja kwenye agroveti yangu kununua dawa ya kupe ya ng'ombe wa mama yake. Akaona chini ya kaunta lile toleo la Fisi kuuza miavuli. "Hilo mimi sina," akasema. Nikamwambia, "Siazimi." Kesho yake alirudi bila ng'ombe wala kupe, akalisoma akiwa amesimama, akacheka peke yake kama mtoto. Nilikuwa nimefiwa na mume miaka mingi, nina binti, Njura, yuko sekondari, nina diploma ya afya ya mifugo na deni la moyo ambalo sikutaka mtu anikumbushe. Yeye hakunikumbusha. Alikuja tu, tena na tena, mpaka siku asipokuja duka lilikuwa kubwa mno.

Mwezi uliopita, siku ya Jumapili, alikuja nyumbani kwa mama yangu, kijijini Manyatta, pamoja na baba yake mdogo, Mzee Kaimenyi. Hakuniambia wanakuja kufanya nini, alisema tu wanakuja kusalimia. Mzee alikuwa amebeba kifurushi cha miraa. Mama yangu, Gladys, ni mwanamke wa Umoja wa Akina Mama kanisani, na kwake miraa na pombe chafu zinalala kitanda kimoja. Alikipokea kwa vidole viwili, akakipeleka nyuma ya nyumba, akamtupia mbuzi. Wageni waliondoka bila kunywa chai. Jioni nilimpigia Riungu simu nikamwambia wazi, kama ninavyosema mambo yote: "Usilete tena majani hayo kwetu."

Akasema, "Sawa." Tangu siku hiyo nikawa napata maneno mafupi. Nimefika. Nimechoka. Lala salama. Hakuzungumzia tena Njura akifunga shule tutakwenda wapi, wala nyumba ambayo alisema angeijenga ikitazama mlima. Mama akasema, "Nilikuambia. Mmeru akishaona mlango hauna miraa, haurudii."

Sasa alikaa mbele yangu akitetea kikapu cha nduma.

"Tuseme Korongo angekipokea," Mutegi alijaribu kupatanisha. "Je, angejua ni cha nani?"

"Angejua," Riungu alisema. "Nani mwingine upande ule analima nduma?"

"Angeuliza," nilisema. "Na Pimbi angejibu. Mbona mnafanya jambo dogo kuwa mlima? Mtu anampenda mtu, anamwambia, kama hapendi anamwambia pia, watu wanaendelea na kazi zao."

"Si kila mtu ana mdomo kama wako, Mama Njura."

"Basi akae upande wake wa mto."

Gachoki mwenyewe alichungulia mlangoni na birika, akaona nyuso zetu, akarudi nalo.

Riungu aliikunja karatasi ya mandazi yake mara mbili, polepole. "Nilitaka kusema mwisho wa kikao," alisema, "lakini afadhali niseme sasa. Hiki ndicho kikao changu cha mwisho. Nimeomba uhamisho wa Meru, nikapewa. Naanza Jumatatu."

Mzee Nyaga alivua miwani. Mutegi akasema "Ai," kwa sauti ya chini. Nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Umeomba wewe mwenyewe," nilisema mwishowe.

"Mimi mwenyewe."

"Na ulikuwa uniambie lini?"

"Nimekuambia sasa."

"Mbele ya watu. Pamoja na Mwenyekiti na Mzee Nyaga." Sauti yangu ilianza kupanda na sikuizuia. "Wewe unafanana na huyu Pimbi wako. Unakuja kwetu Jumapili na mzee mzima, mmesimama kama mnasubiri basi, hamsemi kitu, mnamletea mama wa kanisa majani ya kutafuna, kisha unanuna mwezi mzima kwa sababu hakuyatafuna."

"Wawira," alisema Riungu. Mbele ya watu huniita Mama Njura siku zote. Jina langu lilitoka kwake taratibu, kama kitu kinachouma. "Wacha hayo."

"Siachi."

Karambu alikuwa ameweka kikombe chini. "Majani gani?" aliuliza.

"Miraa," nilisema. "Kama hiyo inayouzwa hapo nje."

"Ilikuwa kwenye nailoni?"

"Hapana. Imefungwa kwa majani ya mgomba, na kamba ya mgomba juu, imezungushwa vizuri kama mtoto."

"Nani aliibeba? Yeye au mzee?"

"Mzee. Kwa mikono miwili. Kwa nini?"

Karambu alimtazama Riungu, kisha akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa unataka kucheka na kulia, haujaamua. "Mama Njura, na nyinyi mkaifanyia nini?"

"Mama alimpa mbuzi."

Msichana akaufunika mdomo kwa kiganja. Mabega yakamtikisika. Alipoweza kusema, alisema kwa upole, kama anavyowaambia wagonjwa habari: "Hiyo si miraa ya kutafuna. Hiyo ni ncoolo. Kwetu wazee wa mwanamume wakitaka msichana, hawaingii na maneno. Wanapeleka kifurushi kama hicho. Wazazi wakikifungua, mazungumzo yanaanza. Wakikirudisha kikiwa kimefungwa, hawataki. Mama Njura, ile ilikuwa posa yako. Mmemlisha mbuzi posa."

Nje mtu alikuwa akiosha masufuria na kuimba wimbo wa kwaya.

Niligeuka nikamtazama Riungu. Masikio yake yalikuwa yameiva.

"Ni kweli?" niliuliza.

"Ni kweli."

"Na hukusema."

"Anayeposa hasemi. Wazee ndio husema, na mzee wangu alikuwa akingoja kifunguliwe ndipo aanze. Akasikia mbuzi nyuma ya nyumba. Akaniambia, twende." Aliigeuza ile karatasi ya mandazi. "Sisi wa Githongo ni watu wa kahawa, hatuna miraa ya maana. Alipanda gari mpaka Laare kutafuta ya mti mzee, kwa sababu alisema mke wa kijana wake hachukuliwi kwa majani ya sokoni."

"Ungeniambia mimi. Jioni hiyo nilikupigia."

"Ulinipigia ukasema nisilete tena majani yale kwenu." Sasa alinitazama kabisa. "Ungekuwa wewe, ungesikia nini? Kwetu hata mtoto anajua maana yake. Sikuwaza kwamba hapa, hapa karibu tu, mtu anaweza asijue. Nilidhani hilo ndilo jibu. Nikasema basi, amenijibu wazi, kama anavyosema mambo yote."

Nikamwona kichwani mwangu jioni ile akiwa na simu sikioni, akisema "sawa", na mzee wake pembeni amekunja mikono iliyobaki mitupu.

"Ndiyo maana ukachagua toleo la daraja," alisema Mzee Nyaga taratibu.

"Nilitaka kumuuliza," Riungu alisema. "Sikuwa na njia nyingine ya kuuliza bila kuwaaibisha wazazi. Nikasema nitaleta kikapu cha Pimbi, nisikie Korongo anafikiri nini."

"Na Korongo akakutukana," alisema Karambu.

"Sana."

Mutegi alicheka kwanza, kisha wote, hata mimi, ingawa macho yalikuwa yananiwasha. Riungu hakucheka. Alilivuta lile toleo karibu yangu, akafungua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole chake chenye vumbi jekundu la mashamba ya watu kwenye pembe ya picha ya mwisho, ile Fisi anapopangusa mdomo mlangoni mwa duka.

"Tazama hapa. Si Fisi. Huku nyuma, kwenye daraja."

Nikainama. Nywele zangu zikagusa mkono wake naye hakuuondoa. Nyuma kabisa, mahali daraja lilipochorwa dogo kama njiti, kando ya nguzo, kulikuwa na kitu chembamba kikining'inia. Upindo wa koti la mvua.

"Hakurudi nyumbani," alisema. "Watu wote husema Pimbi aliweka kikapu akaenda zake. Hakuenda. Amesimama nyuma ya nguzo. Bado anangoja."

"Nipe," alisema Mzee Nyaga. Alilichukua toleo lake kwa mikono miwili, akalisogeza mpaka puani. "Nimelisoma toleo hili mpaka jalada limelegea," alisema. "Na nilimchukia huyu mnyama bure."

Mimi sikumsikia vizuri. Nilikuwa namwangalia Riungu.

"Njoo nje," nilimwambia.

Nyuma ya hoteli kuna ua mdogo wenye kamba ya kuanikia vitambaa vya meza. Tulisimama katikati ya vitambaa vya maua. Harufu ya sabuni ilikuwa kali. Sikujua mikono yangu niiweke wapi, nikaiweka kiunoni, kama ninavyofanya na wateja wabishi.

"Mimi nina miaka thelathini na tisa," nilimwambia. "Nina binti anayeniuliza kila likizo kama wewe utakuwepo. Nina duka na mdomo mrefu. Mama yangu hapendi miraa, hapendi Meru, na anaona mjane akikaa kimya ndiyo heshima. Unajua hayo yote?"

"Nayajua."

"Sitaki kukisia. Nikikisia nakosea, umeona. Niulize kwa maneno."

Mtu huyu huwasimamia ndugu wanaogombania mpaka wa shamba na mapanga mkononi, wala hatetemeki. Sasa alikuwa ameshika ncha ya kitambaa cha meza cha Gachoki na kukisokota.

"Wawira," alisema, "nataka niwe ninakuja kwako kila jioni na kila jioni niwe nimefika nyumbani. Nataka Njura asiulize tena. Utakubali wazee wangu warudi?"

"Na Meru?"

"Niliomba kuondoka kwa sababu sikuweza kupita mbele ya duka lako. Jumatatu nitaenda kuomba nibaki. Wakikataa, Meru si mbali. Kuna watu wameoana mbali kuliko hapo."

"Je, bado unataka? Baada ya mbuzi?"

"Sijatoka darajani," alisema.

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto. Tukasimama hivyo hadi mwoshaji masufuria alipokohoa, akaendelea na wimbo wake kwa sauti ya juu zaidi.

"Haya," nilisema. "Twende Manyatta."

"Leo?"

"Sasa hivi. Pikapu iko nje. Nikilala na jambo hili, kesho litakuwa na miguu minane."

Tulimkuta Mama barazani akichambua maharagwe kwenye ungo. Riungu alibaki langoni, ndani ya pikapu. Alisema hawezi kukanyaga ua huo bila mzee, aibu ya mara moja ilitosha. Mama alimwona, akarudisha macho kwenye maharagwe.

"Huyo amesahau nini hapa?" aliuliza.

"Mama, kile kifurushi ulichompa mbuzi kilikuwa posa."

Vidole vyake viliendelea kuchagua. Kibovu kando, kizuri kando. "Posa ya nani?"

"Yangu. Wewe ulishaolewa."

"Usinichekeshe, nina kazi." Kisha vidole vikasimama. "Mbona hawakusema?"

Nikamweleza kama Karambu alivyonieleza, mpaka Laare na mti mzee. Nilipomaliza, Mama aliweka ungo chini. Ni mwanamke mgumu, lakini hajawahi kumfukuza mgeni mlangoni kwake, na watu wa Manyatta wanalijua hilo. Hata wanaouza pombe anawapa chai, kisha anawaombea.

"Yule mzee alivua kofia," alisema. "Nilimkaribisha kiti akakataa. Alisimama tu na kile kitu mikononi. Nikadhani mgongo unamuuma."

"Alikuwa anangoja ukifungue."

"Na chai yangu hakunywa. Nikasema, hiki ni kiburi cha Kimeru." Aliipangusa mikono kwenye leso yake, mara nyingi kuliko ilivyohitaji. "Mtu amekuja kwangu na heshima mikononi, nami nikampa mbuzi. Uuu."

"Hukujua, Mama."

"Kutojua hakumrudishii mzee uso wake." Alinigeukia. "Mimi sipendi miraa."

"Sijakuomba uipende."

"Na Meru ni mbali. Atakupeleka huko ukachume kahawa ya mama yake na diploma yako."

"Meru hujawahi kufika. Na kahawa nikichuma nitachuma kwa kupenda."

"Na Njura?"

"Njura alimpenda kabla yangu. Alimwuliza ni sikio gani la Pimbi lililochanika, akajibu la kushoto, basi. Kwa Njura mtihani uliishia hapo."

Mama aliguna. Yeye hajawahi kuelewa hivyo vitabu. Alisema zamani kuwa mtu mzima kusoma habari za pimbi ni ugonjwa unaopona mtu akiolewa, lakini mimi niliolewa na sikupona.

"Na wewe," alisema, "unampenda?"

"Ndiyo."

"Sema vizuri. Masikio yangu yamezeeka."

Kusema bei ya dawa ni rahisi. Kumwambia mtu ng'ombe wake hatapona ninaweza. Lakini hilo lilinichukua muda.

"Ninampenda, Mama. Akienda, mimi nitabaki nikifungua duka na kufunga duka."

Aliniangalia. Nadhani aliona kitu usoni mwangu ambacho hakukiona tangu tulipomzika Baba Njura, kwa maana macho yake yalilainika, naye akainuka haraka ili nisiyaone. Alikwenda nyuma ya nyumba. Nilisikia mlango wa banda, kisha mlio wa mbuzi, kisha Mama akisema, "Tembea, wewe mla posa."

Alirudi akimvuta mbuzi wake mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji. Ndiye mbuzi anayempenda kuliko wote, anayezaa mapacha, ambaye jirani amemwomba amuuzie kila mwaka na akakataa. Shingoni, juu ya kamba yake ya kila siku, Mama alikuwa amemfunga kamba nyingine, ya mgomba, iliyokauka. Nikaitambua. Mama hatupi kamba. Ile ya kifurushi aliitundika ukutani mwa banda, ikangoja huko kazi nyingine.

"Huyu ndiye aliyepokea mzigo," alisema. "Kwa hiyo si wangu tena. Mzee akiiona kamba yake atajua tumeifungua, hata kama tuliifungua vibaya."

"Mama."

"Usinililie. Shika mbuzi."

Nilimshika mbuzi. Mama aliingia ndani, akatoka akiwa amevaa gauni la kanisani na kitambaa chake cha Umoja wa Akina Mama, na mkoba mkononi. Alifunga mlango kwa kufuli.

"Unakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Githongo. Au ulidhani nitamtuma mbuzi aniombee radhi peke yake?"

Riungu alipotuona tukija langoni sote watatu alitoka kwenye pikapu haraka, akavua kofia, akasimama wima kama askari. Mama alimpita bila kumtazama usoni, kama inavyotakiwa. Nilimpandisha mbuzi nyuma, kati ya magunia ya chakula cha kuku, nikamfunga. Riungu alifungua mlango wa mbele, akamsaidia Mama kupanda, kisha akaanza kuingia baada yake. Pikapu yangu ina kiti kimoja kirefu tu mbele, huwa tunabanana watatu.

Mama akaweka mkoba wake kwenye nafasi iliyobaki.

"Hapana," alisema, akitazama mbele. "Mkwe habanani bega kwa bega na mama mkwe wake. Panda nyuma, ukae na mbuzi."

Riungu alisimama na mguu mmoja hewani. Alinitazama juu ya paa la gari. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile, polepole, kama mlima unavyojitoa mawinguni asubuhi. Akafunga mlango kwa adabu, akazunguka, akapanda nyuma.

Niliwasha gari. Kwenye kioo nilimwona amekaa juu ya gunia la chakula cha kuku, mpima ardhi wa serikali katika suruali yake nzuri, mkono mmoja umekumbatia shingo ya mbuzi.

"Mbona huendi?" Mama aliuliza.

"Naenda."

Nikaingiza gia, tukashika barabara ya Meru.